Karela, uwatu na matembezi ya alfajiri: uchambuzi wa kisa cha sukari iliyoshuka

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 61, mwenye kisukari aina ya 2 kwa mwaka wa nane sasa. Si mtu mmoja anayeweza kutafutwa akapatikana. Ni kisa cha mfano, kilichounganishwa kutokana na mambo ambayo wanaohudumia wagonjwa wa kisukari huyaona mara kwa mara, na namba za vipimo vyake zimepangwa ziendane na namna mwili unavyofanya kazi. Tafiti zitakazotajwa ni za kweli. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu mama huyu alifanya karibu kila kitu ambacho wagonjwa huombwa wafanye, na bado akaishia kulazwa hospitalini kwa sukari kushuka.

Alikuwa akitumia dawa mbili za kushusha sukari: metformini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, pamoja na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 8.9. Asubuhi kabla ya kula, sukari yake ilikuwa kati ya 10 na 11 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu). Kliniki walimwambia, "Mama, ujitahidi na mazoezi," wakampa dawa zilezile, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemweleza ni mazoezi gani, saa ngapi, kabla ya kula au baada ya kula. Wala hakuna aliyegusa dozi zake.

Akaamua kweli. Kila siku aliamka alfajiri, akakamua karela mbichi, lile tunda chungu, na kunywa glasi nzima kwa tumbo tupu, akameza vidonge vyake vya asubuhi kwa juisi hiyohiyo, kisha akatoka kutembea kwa mwendo wa haraka kwa karibu saa nzima. Akirudi alioga, akapumzika kidogo, ndipo akanywa chai na kula. Usiku alikunywa maji ya uwatu uliolowekwa pamoja na mbegu zake, na chakula cha jioni akakipunguza hadi nusu ya alichozoea. Mambo manne mapya, yote yakaanza ndani ya wiki moja.

Wiki mbili za kwanza zilimpa furaha. Sukari ya asubuhi ilishuka hadi 9, kisha 8, kisha 7. Mwishoni mwa wiki ya tatu, akiwa katikati ya matembezi, alianza kutoka jasho jingi, mikono ikatetemeka, moyo ukamwenda mbio. Aliketi kando ya njia, na waliomkuta walisema alikuwa akijibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka. Nyumbani mashine ya kupimia ikaonyesha 2.6 mmol/L. Akapewa maji yenye sukari, akazinduka, na baada ya robo saa kipimo kikasoma 5.1. Wote wakashusha pumzi. Saa tatu baadaye, akiwa ameketi tu, sukari ikashuka tena hadi 3.2. Hapo ndipo akapelekwa hospitali, akalazwa chini ya uangalizi hadi kesho yake.

Swali lililochelewa kuulizwa

Katika maelezo yake ya kwanza pale mapokezi hapakuwa na neno karela wala uwatu. Alisema anatumia "dawa za kliniki tu." Ni muuguzi wa zamu ya usiku aliyeketi kando ya kitanda na kuuliza kwa namna nyingine: "Mama, ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza kinachoingia mdomoni ni nini?" Akajibu, "Juisi ya karela, mwanangu, halafu vidonge, halafu naenda kutembea." Sentensi moja ilitosha kueleza ugonjwa mzima.

Kwa nini hakusema mapema? Kwa sababu aliogopa kukaripiwa. Wagonjwa wengi wanajua jinsi sura ya mhudumu inavyobadilika mitishamba inapotajwa, na wamejifunza kunyamaza. Ninaona hili ni kosa la upande wetu sisi tunaotoa huduma na elimu ya afya. Mgonjwa anayeficha juisi yake anamnyima daktari taarifa, lakini aliyemfundisha kuficha ni yule aliyemcheka mwaka uliotangulia.

Nani aliyeshusha sukari?

Familia ilikuwa na jibu tayari: karela imemdhuru, imwagwe. Mjukuu alikuwa na jibu lake: matembezi yamezidi umri wake. Majibu yote mawili yanampita mshukiwa mkubwa, na ni vizuri tuwachukue mmoja mmoja.

Tuanze na glibenklamidi. Dawa hii hufunga milango ya potasiamu kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na seli hizo zikalazimika kuitoa. Huzilazimisha hata pale sukari ya damu ilipo chini. Ndiyo maana wagonjwa huelekezwa kuimeza pamoja na chakula: insulini itoke wakati kuna kazi ya kufanya. Metformini haiko hivyo. Inafanya kazi zaidi kwa kuzuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na ikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Mgonjwa anayesema "natumia vidonge vya sukari" hajatuambia kitu mpaka tujue ni vidonge gani.

Glibenklamidi ina sifa nyingine mbili zilizomgusa mama huyu moja kwa moja. Nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu, hata siku nzima, na mabaki yake baada ya kuchakatwa na ini bado yana uwezo wa kushusha sukari na hutolewa kwa sehemu kupitia figo. Vipimo vya hospitali vilionyesha uwezo wa figo zake kuchuja umeshuka hadi 48, chini kabisa ya kiwango cha kawaida cha zaidi ya 90. Hapakuwa na dalili yoyote, na hakuna aliyekuwa amezipima kwa muda mrefu. Hii ndiyo sababu sukari ilishuka mara ya pili saa tatu baada ya yeye kuonekana amepona. Aliyeanguka kwa dawa za kundi hili hapaswi kuachwa peke yake kwa sababu tu amezinduka. Ndiyo sababu pia wataalamu wengi huikwepa glibenklamidi kwa wazee na kuchagua ndugu zake wenye hatari ndogo zaidi.

Sasa mazoezi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa njia isiyohitaji insulini: kusinyaa kwenyewe kunasukuma vibebaji vya sukari vya GLUT4 hadi kwenye ukuta wa seli, na sukari inaingia. Ndiyo maana kutembea kunamsaidia hata mtu ambaye mwili wake umekuwa sugu kwa insulini. Baada ya mazoezi msuli huendelea kuwa mwepesi kupokea sukari kwa saa nyingi, wakati mwingine siku mbili hadi tatu. Kwa mtu asiye na kisukari hili haliangushi sukari, kwa sababu mwili una kinga: mara tu mazoezi yanapoanza, kongosho hupunguza insulini, na ini likaanza kumimina sukari kufidia iliyochukuliwa na misuli.

Kwa mama huyu kinga hiyo ilikuwa imefungwa. Glibenklamidi aliyoimeza kwa tumbo tupu iliilazimisha kongosho iendelee kutoa insulini wakati ilipaswa kutulia. Insulini hiyo ikalizuia ini lisitoe sukari. Misuli ikavuta, ini likanyamaza, na chakula kilikuwa bado saa nzima mbele. Chakula cha usiku uliotangulia nacho kilikuwa nusu. Hata pasipo tone moja la karela, ratiba hii ilikuwa inaelekea hatarini.

Karela na uwatu mezani

Je, karela haina hatia? Siwezi kuitoa kwenye kesi. Tunda hili, Momordica charantia kwa jina la kisayansi, lina viambato kama charantini na protini ndogo inayofanana na insulini kwa tabia, na katika maabara huonyesha uwezo wa kushusha sukari. Kwa binadamu picha ni hafifu zaidi. Utafiti uliofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha unga wa karela na metformini: miligramu 2,000 za unga kwa siku zilishusha sukari kwa kiasi kidogo, chini ya metformini miligramu 1,000, na dozi ndogo za unga hazikuonyesha tofauti ya maana. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyokuwepo na kuona ushahidi hautoshi kuipendekeza kama tiba ya kisukari aina ya 2.

Lakini glasi ya juisi ya mama huyu si miligramu 2,000 za unga uliopimwa. Karela moja haina nguvu sawa na nyingine. Ukubwa, ukomavu, mbegu kuachwa au kutolewa, vyote vinabadilisha kilichomo. Kuna siku alikunywa kidogo cha maana, na kuna siku pengine alikunywa karibu maji machungu matupu. Dozi ya kidonge inajulikana hata kama imekosewa, ya juisi haijulikani kabisa, na huwezi kusawazisha dawa nyingine dhidi ya kitu kinachobadilika kila asubuhi.

Uwatu nao una maelezo yaliyo wazi zaidi. Mbegu zake zimejaa nyuzinyuzi laini zinazogeuka kuwa ute tumboni na kuchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Kazi yake inaonekana zaidi kwenye mlo unaoambatana nao. Kwa kuwa yeye aliunywa usiku, siuoni kama mshukiwa mkubwa wa anguko la alfajiri. Tahadhari yake iko kwingine: ute huo unaweza kuchelewesha vidonge pia, kwa hiyo ni busara kuutenganisha na dawa kwa saa kadhaa, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini asiuanze bila kumwambia daktari wake.

Jambo moja tuliloweza kuliondoa haraka ni udanganyifu. Mama alikamua karela mwenyewe na kuloweka mbegu mwenyewe. Angekuwa anatumia unga au vidonge vya "asili" vilivyofungwa na mtu asiyemjua, swali lingekuwa zito. Singapore mwaka 2008 ilishuhudia watu 150 wasio na kisukari wakifikishwa hospitalini kwa sukari kushuka vibaya, na wanne wakafariki. Chanzo kilichobainika kilikuwa glibenklamidi, iliyokutwa ndani ya bidhaa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kinyume cha sheria. Dawa ya mitishamba inayoshusha sukari kwa kasi ya ajabu inastahili kushukiwa kabla ya kusifiwa.

Ninayasema haya bila kuidharau mimea. Metformini yenyewe ina ukoo wa mmea. Mmea wa Galega officinalis ulikuwa na kiambato cha galegini, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari miaka ya 1920 na kuachwa kwa sababu ya sumu yake. Metformini ni kemikali ya jamii hiyohiyo, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha taarifa za kwanza za kuitumia kutibu kisukari. Kati ya jani lile na kidonge hiki kuna kazi ndefu ya kujua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua. Karela bado haijapita njia hiyo.

Hesabu ambayo hakuna aliyeifanya

Kwa maoni yangu kiini cha kisa kiko hapa, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Tuchukulie kwamba dawa, juisi na matembezi ya asubuhi kwa pamoja vilishusha sukari yake kwa takriban 4 mmol/L kabla ya chai. Siku ya kwanza alianza na 10.6, akaishia 6.6. Safi kabisa. Wiki ya tatu alianza na 6.8. Ondoa 4 palepale, unabaki na 2.8. Ratiba ni ileile, vidonge ni vilevile, hatua ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba yeye alikuwa amepata nafuu. Kila asubuhi njema ilipunguza nafasi iliyobaki kati yake na 3.9, kiwango ambacho chini yake tunasema sukari imeshuka.

Dozi ya glibenklamidi iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, aliyekula sahani nzima usiku, mwenye sukari ya 10 asubuhi. Mtu huyo hakuwepo tena. Aliyekuwepo alikuwa mtu anayetembea, anayekula nusu, mwenye figo zilizochoka, na bado anameza dozi ya yule wa zamani. Ndiyo maana nasema matembezi hayakuzidi umri wake: dawa ndiyo iliyobaki nyuma. Na kwa kuwa alianza mambo manne kwa mpigo, hata mafanikio ya wiki mbili za kwanza hakuna awezaye kusema yalitoka wapi. Mama aliamini ni karela. Huenda alikuwa akiipa karela sifa za miguu yake mwenyewe.

Mpango uliofuata

Glibenklamidi ilisimamishwa. Metformini iliendelea, imezwe na chakula, na figo zipimwe kila baada ya miezi michache kwa sababu uwezo wa kuchuja ukishuka chini ya 45 dozi inabidi ifikiriwe upya, na chini ya 30 dawa hiyo haitumiki. Karela na uwatu viliwekwa kando kwa miezi mitatu. Mama alipinga mwanzoni, akiona anaadhibiwa. Daktari alimweleza, "Mama, sijakukataza. Nataka tujue kwanza miguu yako inashusha kiasi gani, ndipo tuone mmea unaongeza nini." Maelezo hayo aliyakubali.

Matembezi hayakupunguzwa, yalihamishwa. Utafiti mdogo wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 41 wenye kisukari aina ya 2 na kuona kuwa kutembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi kuliko kutembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote. Faida ilikuwa kubwa zaidi baada ya mlo wa jioni. Kwa mama huyu mpangilio huu ulikuwa na faida ya ziada: anatembea chakula kikiwa tayari kinaingia kwenye damu. Akaanza na dakika 10 mara tatu, akapanda hadi 15, na mara mbili kwa wiki akaongeza kusimama na kuketi kwenye kiti bila kujishika, na kusukuma ukuta kwa mikono, ili misuli ijengeke. Lengo lilikuwa kuvuka dakika 150 kwa wiki na kutopitisha siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Miguu yake ilikaguliwa hisia na vidonda, na macho yakaangaliwa kabla mwendo haujaongezwa, kwa kuwa mishipa dhaifu ndani ya jicho inaweza kuvuja damu kwa mazoezi mazito.

Kilichomvutia zaidi ni kupima kabla na baada. Siku moja aliandika 10.2 baada ya mlo wa jioni, akatembea, akarudi na 8.3. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho yake kazi ya miguu peke yake, na tangu hapo hakuhitaji kusukumwa.

Baada ya miezi mitatu HbA1c ilisoma 7.6. Imeshuka kwa pointi 1.3 za asilimia, na hiyo ni baada ya kuondolewa kidonge kimoja kizima. Hatuwezi kuyapa mazoezi sifa yote. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la JAMA ulikuta mazoezi yaliyopangwa ya zaidi ya dakika 150 kwa wiki yanashusha HbA1c kwa wastani wa 0.89, na ya muda mfupi zaidi kwa 0.36. Sehemu iliyobaki naiweka kwenye mlo uliopungua na metformini inayomezwa kwa utaratibu.

Mtu mwingine mwenye mazingira tofauti

Mpango huu usinakiliwe mzimamzima. Mwenye kisukari aina ya 1 hana insulini ya kutosha kuishi, na kuiacha ili kujaribu mmea wowote humpeleka kwenye sumu ya asidi mwilini ambayo inaua kwa siku chache. Anayechoma insulini, au anayetumia dawa za kundi la glibenklamidi, akikuta sukari iko chini ya 5 mmol/L kabla ya mazoezi, ale kitu cha wanga kwanza. Anayetumia dawa za moyo za kundi la vizuia-beta (beta-blockers) huenda asisikie moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka, jasho ndilo litakalomwambia. Mjamzito aiepuke karela kama dawa. Vivyo hivyo mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa sababu ya kiambato cha visini kilichomo kwenye mbegu.

Na yeyote anayetembea akiwa na dawa zinazoweza kushusha sukari abebe gramu 15 za sukari ya haraka mfukoni, vijiko vitatu hivi vya chai. Akisikia dalili, ale, apime baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini ya 3.9, kisha ale chakula kamili. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.

Mama aliporudi kliniki na matokeo yake, jambo la kwanza aliloomba ni karela yake. Walikubaliana aanze na uwatu kwanza, kijiko kimoja cha unga pamoja na mlo wa mchana, mbali na vidonge, bila kubadilisha kitu kingine chochote kwa wiki nane, huku akiandika sukari ya kabla ya mlo huo na ya saa mbili baadaye. Namba zikibadilika, ataendelea. Zisipobadilika, ataamua mwenyewe kama anaupenda kiasi cha kuendelea kuula kama chakula. Karela anaruhusiwa iliyopikwa, mezani pamoja na wengine. Juisi ya tumbo tupu imebaki nje ya makubaliano, na kwenye kadi yake, chini ya orodha ya dawa, sasa imeandikwa pia uwatu, kiasi chake na saa anayoutumia.